Dk. William Withering: alijuaje mmea ni upi kati ya zaidi ya ishirini, na dozi aliipimaje?

Mwanafunzi_Famasia

Heshima kwenu wakuu. Naandaa bango la somo la historia ya dawa, na nimemchagua William Withering, daktari wa Stafford huko Uingereza aliyeandika kitabu cha mwaka 1785 kuhusu digitali (mmea wa dawa wenye maua ya zambarau) na ugonjwa wa kujaa maji mwilini. Kila ninaposoma habari zake napewa hadithi ileile: alikutana na bibi mganga aitwaye Mama Hutton, akanunua siri yake kwa dhahabu, basi, dawa ikapatikana. Hadithi ni tamu, ila haimsaidii mtu wa famasia. Nina maswali haya:

Kwanza, mchanganyiko wa yule bibi ulikuwa na mitishamba zaidi ya ishirini. Alijuaje inayofanya kazi ni digitali?

Pili, dozi aliifikiaje, na kwa miligramu za leo ni kiasi gani?

Tatu, watu humwita mwanzilishi katika elimu ya mimea. Ni kweli, au ni daktari tu aliyependa maua?

Mwenye kujua anisaidie, nami nitashukuru sana.

---

Kikonyo_na_Jani

Mkuu, nianze na swali la tatu, maana ukilielewa hilo, la kwanza linajijibu.

Withering alizaliwa mwaka 1741 Wellington, mji mdogo wa soko katika Shropshire. Baba yake alikuwa tabibu na muuza dawa. Alisoma udaktari Edinburgh, akamaliza mwaka 1766. Akiwa mwanafunzi hakuipenda kabisa botania, yaani elimu ya mimea. Barua yake kwa wazazi inaeleza kwamba hata medali ya dhahabu aliyoiahidi profesa isingetosha kumbadilisha mawazo. Kilichombadilisha ni Stafford. Alianza kazi huko mwaka 1767, kwenye hospitali iliyokuwa imefunguliwa mwaka mmoja tu kabla. Mji ulikuwa mdogo na wagonjwa wa kulipa walikuwa wachache, kwa hiyo muda ulikuwepo. Mmoja wa wagonjwa wake, Helena Cookes, alikuwa akichora maua, na Withering akawa anamletea mimea kutoka vichakani na kando ya njia. Walioana mwaka 1772.

Mwaka 1775 Erasmus Darwin, daktari mwenzake, alimwandikia kwamba nafasi imepatikana Birmingham baada ya kifo cha Dk. William Small. Akahama. Kwa hiyo kwenye bango lako tenganisha mambo mawili: macho ya mimea aliyapata Stafford kwa miaka minane, lakini majaribio ya digitali karibu yote aliyafanya akiwa Birmingham. Wengi huchanganya.

Mwaka 1776, mwaka mmoja tu baada ya kuhama, alitoa juzuu mbili za kitabu cha mimea yote iliyojulikana kuota yenyewe nchini Uingereza. Uanzilishi wake uko hapa. Mfumo wa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, unaopanga mimea kwa idadi na mpangilio wa stameni na pistili (sehemu za kiume na za kike za ua), ulikuwa umeenea Ulaya, lakini ulikaa zaidi ndani ya vitabu vya Kilatini. Withering aliupeleka kwa Kiingereza kwa mtu wa kawaida: maelezo ya kila mmea, mahali unapoota, mwezi wa kutoa maua, matumizi yake, pamoja na mwongozo wa kukusanya na kukausha vielelezo. Alibuni pia darubini ndogo ya kukunja, iliyoingia mfukoni pamoja na sindano, koleo na kisu chake, ili mtu achane ua palepale shambani na kuhesabu sehemu zake. Kitabu kilichapishwa upya mara kwa mara. Toleo la tatu la 1796 lilifika juzuu nne, na baada ya kifo chake mwanawe aliendelea kulihariri.

Kitabu kina kasoro yake, na ni haki kuitaja. Kwa kuwa alitaka kitabu kisomwe na wanawake na vijana, aliondoa maneno yote yaliyodokeza jinsia ya mimea. Stameni na pistili akazipa majina mengine ya Kiingereza yasiyo na dokezo lolote. Wataalamu wenzake hawakupendezwa, na majina hayo hayakudumu.

Sasa swali lako la kwanza. Mwaka 1775 alipewa kichocheo cha siri cha familia moja ya Shropshire ili atoe maoni. Aliambiwa kinatapisha na kuharisha kwa nguvu, na kwamba wengine hupona baada ya madaktari kushindwa. Yeye mwenyewe ameandika kwamba haikuwa vigumu kwa mtu anayeijua mimea kuona kuwa wenye nguvu ni digitali tu. Hakuijaribu mimea mmoja baada ya mwingine. Aliisoma orodha akijua tabia ya kila mmea: huu ni wa harufu, huu ni wa kulainisha, huu haufanyi lolote kwa kiasi hicho, na huu peke yake unaweza kumtapisha mtu mzima hivyo. Katika kitabu cha 1776 tayari aliandika kwamba digitali ni dawa kali inayostahili kuangaliwa zaidi kuliko ilivyokuwa ikiangaliwa.

Jambo ambalo familia ile haikuliona, naye aliliona, ni mkojo. Kila aliyetazama alitazama matapishi. Withering akauliza maji yaliyopungua miguuni yamepita wapi.

---

Mizani_ya_Dukani

Asante Kikonyo. Dozi niachieni mimi, kwa sababu hapo ndipo kazi yote ilipo, na watu huipita kwa sentensi moja.

Anza na jani, kabla ya kufika kwenye mizani. Digitali huishi miaka miwili. Mwaka wa kwanza huwa na majani tu yaliyokaa chini kwa duara. Mwaka wa pili hutoa mlingoti mrefu wenye maua ya zambarau yanayoning'inia upande mmoja, kisha hufa. Withering aligundua kwamba nguvu ya majani hubadilika sana kwa majira. Mtu akichuma mwezi mmoja na mwenzake mwezi mwingine, wakatumia uzito uleule, mmoja atamponya mgonjwa na mwingine atamtapisha bila faida. Mizizi aliikataa kwa sababu hiyohiyo, ingawa alisikia habari ya mkuu wa chuo kimoja cha Oxford aliyepona kwa kunywa mzizi wake. Akaweka kanuni: majani, na yachumwe wakati mmea unatoa maua.

Kisha matayarisho:

Kikonyo na mshipa mkuu wa katikati ya jani vinatupwa. Kinachobaki kinakaushwa juani, au kwenye sinia la bati mbele ya moto, bila kuungua. Kisikaushwe kupita kiasi kinachohitajika ili kisagike. Kikikauka vizuri kinatoa unga wa kijani kizuri, na uzito wake ni pungufu kidogo ya moja ya tano ya uzito wa majani mabichi. Hicho kipimo cha moja ya tano kishike, nitakirudia.

Dozi ya mtu mzima: greni 1 hadi 3 za unga, mara mbili kwa siku. Kwa wagonjwa waliodhoofika, ambao ndio wengi, alisema greni 4 kwa siku zinatosha. Greni moja ni takriban miligramu 65. Kwa hiyo ni miligramu 65 hadi 195 mara mbili kwa siku, na 260 kwa siku kwa mgonjwa dhaifu. Unga ulitolewa wenyewe, au pamoja na viungo vya harufu, au ukafinyangwa kuwa vidonge.

Anayependa maji: drakma 1 ya majani makavu (greni 60, karibu gramu 3.9) inalowekwa katika nusu painti (wakia 8) ya maji ya moto kwa saa 4, inachujwa, kisha inaongezwa wakia 1 ya maji yenye kileo ili isiharibike. Wakia 1 ya maji hayo mara mbili kwa siku ndiyo dozi ya wastani.

Na hii ndiyo kanuni iliyookoa watu: endelea mpaka dawa ionyeshe kazi kwenye figo, au tumbo, au mapigo ya mshipa, au choo. Ikitokea dalili ya kwanza ya mojawapo, acha mara moja. Kwa kawaida, alisema, mgonjwa humaliza kama greni 30 za unga, au wakia 8 za maji yale, kabla kichefuchefu hakijaanza.

Mwanzoni hakuwa hapo. Tazama mgonjwa wake mmoja wa Julai 1776, mama wa miaka kati ya arobaini na hamsini aliyekuwa akitibiwa na Erasmus Darwin. Alikuwa karibu kukosa pumzi, mapigo dhaifu yasiyo na mpangilio, mikono ya baridi yenye rangi ya risasi, mkojo wa kijiko kimoja kwa wakati. Withering alichemsha wakia 4 za majani mabichi katika painti moja na nusu ya maji mpaka ikabaki painti moja, akatoa wakia moja na nusu kila saa 2. Mama alikunywa dozi tano. Alitapika vibaya, na ndani ya saa 24 akakojoa zaidi ya kwati 8, yaani zaidi ya lita 7.

Piga hesabu. Wakia 4 ni greni 1,920 za majani mabichi. Gawa kwa tano: kama greni 384 za kavu ndani ya wakia 16 za maji, sawa na greni 24 kwa wakia. Kila dozi ilibeba nguvu ya kama greni 36 za jani kavu. Hata ukisema maji hayakutoa nguvu yote, na kwamba kuchemsha kuliharibu sehemu yake, bado ni mara nyingi ya greni 1 hadi 3 alizokuja kuzisimamia. Yule mama alipona. Ingeweza kabisa kwenda kinyume.

Alieleza mwenyewe kwa nini alizidisha. Dawa ya kukojoza iliyozoeleka wakati huo, kitunguu cha baharini, hufanya kazi vizuri zaidi inapoleta kichefuchefu. Akadhani digitali nayo iko hivyo, akawa anasukuma mpaka mgonjwa atapike. Miaka ikapita kabla hajaona kwamba kichefuchefu cha digitali ni sumu inayopiga hodi, na mkojo huja bila hicho.

---

Makabrasha

Kuhusu Mama Hutton: liondoe jina hilo kwenye bango. Kitabu cha 1785 kinamtaja mwanamke mzee wa Shropshire aliyeitunza siri, bila jina, na hakisemi kwamba Withering alikutana naye wala kwamba alimlipa. Jina na sura yake vinatokana na tangazo la kampuni ya dawa ya Marekani, Parke-Davis, la mwaka 1928, ambalo mchoro wake ulimwonyesha daktari akiongea na bibi. Waandishi wakanakiliana mpaka ikawa historia.

Mwanamke mwenyewe alikuwepo, na anastahili heshima yake. Ila usimpe jina alilopewa na watangazaji.

---

Mwanafunzi_Famasia

Aisee, nimepata zaidi ya nilichotafuta. Shukrani za dhati.

Mizani, kuna kitu sijakishika. Umesema kabla ya kichefuchefu mtu humaliza greni 30 za unga au wakia 8 za maji. Lakini maji yale yana greni 60 ndani ya kama wakia 9. Wakia 8 zingekuwa na greni 53. Mbona hazilingani na 30?

Na swali jingine kwa madaktari: kwa nini wagonjwa wengine wa kujaa maji walipona na wengine dawa haikuwafanya kitu, wakati jani ni lilelile?

---

Mizani_ya_Dukani

Umesoma kwa makini, ndugu yangu. Hazilingani kwa sababu anayemeza unga anameza jani lote, na tumbo lake linaendelea kulinyonya. Anayekunywa maji anapata kile tu kilichoyeyuka ndani ya saa 4, halafu makapi yanatupwa. Viini vya digitali haviyeyuki vyema katika maji. Vinapenda kileo zaidi. Kwa hiyo 53 za kuloweka zikafanana na 30 za kumeza: kama nusu na kidogo ya nguvu ndiyo iliyotoka. Withering hakuwa na jina la kiini chochote, lakini namba zake mbili zinakuonyesha tofauti hiyo. Hii ndiyo sababu napenda kitabu chake: vipimo vyake vinaweza kukaguliwa baada ya miaka zaidi ya 200.

Mlinganisho wa pili wa kuweka kwenye bango: greni 30 ni karibu gramu 2. Karne ya 20, unga wa jani ulipokuwa bado unatumika hospitalini ukiwa umesanifiwa, dozi ya kuujaza mwili ilikuwa kama gramu 1 hadi 1.5, na ya kuendeleza kama miligramu 100 kwa siku. Ona alivyokuwa karibu. Na ona pia kwamba miligramu 260 kwa siku ni nyingi kwa mtu anayeendelea mwezi baada ya mwezi. Ndiyo maana kanuni ya kuacha ilikuwa sehemu ya dozi yenyewe. Ukiitenganisha, greni zake zinaua.

---

Zamu_ya_Usiku

Nijibu la kitabibu.

Wakati ule "kujaa maji" ulihesabiwa kuwa ugonjwa mmoja. Leo tunajua ni dalili ya magonjwa mengi: moyo kushindwa kusukuma, ini lililosinyaa, figo zinazovuja protini, uvimbe wa ovari, kifua kikuu cha tumbo. Digitali inasaidia ya moyo, hasa pale vyumba vya juu vya moyo vinapopapatika bila mpangilio na kuufanya moyo uende mbio. Ya ini au ya ovari haiyagusi.

Withering hakuwa na nadharia hiyo, lakini alikuwa na kidole na macho. Soma anavyowatenganisha wagonjwa. Watakaofaidika: mapigo dhaifu au yanayorukaruka, uso uliopauka, midomo ya bluu, ngozi ya baridi, tumbo lililolegea ambalo maji yake hucheza ukiligonga, miguu inayobonyea ukiikandamiza kwa kidole. Wasiotarajiwa kufaidika: wenye nguvu, ngozi ya moto, uso mwekundu, mshipa uliokaza kama kamba, tumbo gumu lililobana. Uvimbe wa ovari aliutaja wazi kuwa dawa haiuwezi. Mpe orodha ya kwanza daktari yeyote wa wodi leo, bila kumwambia ni ya nani, atakuambia huyu ni mgonjwa wa moyo kushindwa.

Hilo nalo lilitokana na jinsi alivyoandika. Kitabu kina wagonjwa 163 wa kwake, kuanzia 1775, kila mmoja na namba yake, na ameweka wote aliowapa digitali, waliopona na walioshindikana, hata wale ambao kwa kufikiri baadaye hawakustahili kupewa. Anasema kuchagua waliopona tu kungekuwa rahisi na kungempa sifa, lakini ukweli usingeruhusu. Bila wale walioshindikana asingeweza kuandika nani apewe na nani asipewe.

Sasa sumu yake. Orodha ya Withering ya mtu aliyezidishiwa: kichefuchefu, kutapika, kuharisha, kizunguzungu, macho kuona ukungu, vitu kuonekana vya kijani au vya manjano, mkojo mwingi usiozuilika, mapigo kushuka hadi 35 kwa dakika, jasho la baridi, degedege, kuzimia, kifo. Orodha hiyo bado inafundishwa, ingawa sasa tunaongeza kwamba moyo unaweza pia kwenda mbio kwa mdundo mbovu, si polepole tu.

Kwa nini alikuta dawa inaendelea kufanya kazi siku kadhaa baada ya kuachwa? Kiini kikuu cha jani la digitali ya zambarau ni digitoksini, na nusu yake hukaa mwilini kama siku 5 hadi 7. Ukitoa dozi ileile kila siku, kiwango kinaendelea kupanda karibu mwezi mzima kabla hakijatulia. Mgonjwa anaweza kuwa salama siku ya tatu na kuwa hatarini siku ya kumi na mbili, bila mtu kuongeza chochote.

Wanaotumia digoksini leo (dawa ya moyo ya jamii hiyohiyo), nusu yake hukaa kama saa 36 hadi 48 ikiwa figo ni nzima. Figo zikichoka, inarundikana. Na potasiamu ikishuka, kwa mfano kwa kuharisha au kwa vidonge vya kukojoza, dozi iliyokuwa salama jana inakuwa sumu, kwa sababu dawa na potasiamu vinagombea mahali pamoja kwenye pampu ya chembe za moyo. Angalia pia ukiongeza dawa nyingine za moyo, amiodaroni au verapamili, zinapandisha kiwango chake kwenye damu. Mapigo yakiwa chini ya 60, au mgonjwa akikataa chakula ghafla na kulalamika macho, simamisha na umtafute daktari kabla ya dozi inayofuata.

---

Makabrasha

Niongeze la Erasmus Darwin kwa kifupi, kwa kuwa jina lake limetajwa, na ukitafuta utakuta wapo wanaompa yeye ugunduzi.

Mwanawe Charles (si yule wa nadharia ya mageuko, huyu ni ami yake) alifariki mwaka 1778 akiwa mwanafunzi wa udaktari Edinburgh. Mwaka 1780 baba alichapisha tasnifu ya marehemu, akaambatisha habari za wagonjwa waliopewa digitali, bila kumtaja Withering. Mmoja wao ni yuleyule mama wa Julai 1776. Mapema mwaka 1785 Darwin akasoma karatasi nyingine London. Kwa hiyo kwa tarehe ya kuchapisha Darwin ametangulia. Kwa tarehe ya kutumia, Withering ndiye aliyeitwa na kushauri dawa hiyo, na maelezo yake ya wagonjwa yanaanzia 1775. Urafiki wao haukupona.

Pia Withering alikuwa na sababu ya haki ya kuharakisha kuchapisha. Digitali iliingia kwenye orodha rasmi ya dawa ya Edinburgh mwaka 1783, na Withering aliogopa kwamba watu wataitumia bila kujua dozi, wataua wagonjwa, kisha dawa itatupwa kwa lawama isiyo yake.

---

Kikonyo_na_Jani

Mambo mawili ya mimea kabla uzi haujapoa.

La kwanza ni tahadhari. Digitali hupandwa kama ua kwenye bustani za sehemu zenye baridi, na komfri nayo hupandwa kwa ajili ya mifugo na mbolea. Kabla hazijatoa maua, majani yake hufanana, na duniani kumeshatokea watu kusumika kwa kuchuma digitali wakidhani ni komfri ya chai. Tofauti iko kwenye ukingo: jani la digitali lina meno madogo ya mviringo pembezoni, na manyoya laini yanayoteleza mkononi. La komfri ukingo wake ni mnyoofu, na manyoya yake yanakwaruza. Ukiwa na shaka, usichume. Kukausha au kuchemsha hakuondoi sumu. Oleanda za kwenye ua wa nyumba, yenye maua ya waridi na ile ya njano, zina viini vya jamii hiyohiyo. Watoto na mbuzi wawekwe mbali nazo.

La pili ni la kwetu, ukitaka kona ya Afrika Mashariki kwenye bango. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, naye alisoma Edinburgh, takriban karne moja baada ya Withering. Alikuwa na Livingstone kwenye msafara wa Zambezi ulioanza mwaka 1858, kisha akaja Zanzibar mwaka 1866 na kukaa miaka mingi, mwishowe kama konseli mkuu wa Uingereza. Zambezi alikusanya sumu ya mishale iitwayo kombe. Mswaki wake ulikuwa mahali pamoja na sumu ile. Alipopiga mswaki alisikia uchungu mkali, na alipojipima aliona mapigo yameshuka. Akatambua kwamba sumu inakwenda kwenye moyo. Thomas Fraser wa Edinburgh akaichunguza, na jina la mmea likawa *Strophanthus kombe*, na kiini chake kikatumika kama dawa ya moyo. Ouabaini pia, iliyotolewa mwaka 1888 kwenye mti wa sumu ya mishale ya Wasomali, ni ndugu yake. Waata wa pwani ya Kenya wametumia miti ya jamii hiyo kuwindia tembo.

Kirk hakuwa daktari wa mji mdogo kama Withering wa Stafford, lakini ujuzi ni uleule: kushika mmea, kuujua jina, na kuhesabu mapigo.

---

Mwanafunzi_Famasia

Wakuu, Mungu awazidishie. Kichwa cha bango nimeweka hivi: "Withering, mgunduzi wa digoksini". Je, kinafaa?

---

Mizani_ya_Dukani

Hapana, badilisha. Digoksini ilitolewa mwaka 1930 na Sydney Smith, kwenye maabara za Burroughs Wellcome, kutoka mmea ndugu, *Digitalis lanata*, wenye maua meupe yenye mishipa ya kahawia. Withering alitumia *Digitalis purpurea*, ambayo kiini chake kikuu ni digitoksini. Wala hakuugundua mmea: Leonhart Fuchs ndiye aliyeupa jina Digitalis mwaka 1542, na watu wa vijijini walikuwa wakiutumia.

Andika: "William Withering (1741–1799): sehemu ya mmea, majira ya kuchuma, dozi, na wakati wa kuacha". Chini yake weka jedwali dogo la safu tatu: majani mabichi ya kuchemshwa, 1776, kama greni 36 kila saa 2, kisha majani makavu ya kulowekwa saa 4, wakia 1 mara mbili kwa siku, kisha unga, greni 1 hadi 3 mara mbili kwa siku. Kwa safu ya kwanza weka alama kwamba namba ni ya makadirio, imetokana na ile moja ya tano. Mwalimu atakuuliza hapo hapo.